Godoro la Chumba cha Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 2016, wasichana thelathini na sita wa mwaka wa kwanza walipokelewa katika bweni la nyuma la chuo kikuu, wakagawanywa watatu watatu katika vyumba kumi na viwili. Aliyewapokea alikuwa mwanamke mmoja, matroni wa bweni hilo, aliyeketi mlangoni juu ya kiti cha plastiki, shada la funguo mapajani, magoti yake yakiwa yamefungwa bendeji chini ya gauni. Aliwasalimu wote, akawaonyesha wote bomba na mahali pa kuanikia nguo, akawaambia wote kwamba pasi za umeme haziruhusiwi vyumbani, ingawa alijua kuwa kabla ya jua kutua zitakuwa zimekwisha kuchomekwa. Alipomaliza, sauti ilikuwa imemkauka, na ngazi za kupanda zilikuwa bado zinamngoja.

Mbele yake walimwita Matroni. Akiwapa kisogo alikuwa Mama Godoro, na jina hilo hakuonewa kupewa. Kila ugomvi uliomfikia aliumaliza kwa njia moja: alimsikiliza huyu, akamsikiliza yule, akashusha pumzi, kisha akaagiza godoro la mmoja wao lihamishiwe chumba kingine, likatandikwe sakafuni ikiwa kitanda hakuna. Mpenda muziki wa sauti ya juu alihamishwa. Asiyelala bila taa alihamishwa. Wawili waliogombania ndoo, mmoja wao alihamishwa, na ndoo ikahama naye.

Njia hiyo hakuisoma popote. Alizaliwa wa nne katika watoto wanane waliolala chumba kimoja. Mama yao, aliyefua nguo za watu, alirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji, hana nguvu za kuchunguza nani kamfinya nani. Aliokota mkeka wa mtoto mmoja, yeyote aliye karibu, akautandika sebuleni, na nyumba ikatulia. Binti alikua, akaajiriwa hospitalini kutandika vitanda vya wagonjwa, na huko pia akaona kwamba wagonjwa wawili wasiopatana hawahitaji hotuba. Wanahitaji vitanda vilivyo mbali. Alipopewa bweni alikwenda na elimu hiyo, ikamtosha kwa miaka mingi. Sasa alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka haibadilishi dawa anayoijua.

Katika chumba cha tisa, ghorofa ya pili, waliwekwa wasichana watatu. Wa kwanza alikuwa Kasuku, jina alilojitangazia mwenyewe siku ileile kabla wengine hawajampa baya zaidi. Alisema alipokula, alisema alipopiga mswaki, na wenzake waliapa kwamba husema hata akiwa usingizini. Wa pili alikuwa Binti wa Sajenti, ambaye kitanda chake hakikuwa na hata kunyanzi moja, na ambaye viatu vyake vilipangwa ukutani kama vinavyosubiri amri. Wa tatu alitoka nchi nyingine, safari ya kuvuka mipaka miwili, akaja kusoma ufamasia. Huyo alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wenyeji. Kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiri kwamba kuna jambo asilolielewa, wala kwamba kuna jambo lake wasilolielewa wao.

Mwezi haukwisha. Kasuku na Binti wa Sajenti walishuka ofisini kwa Matroni wakati wa chai ya saa nne.

"Mama, tumekuja kusema, lakini si kusengenya," Kasuku alianza.

"Kusengenya hakuna mlango wake peke yake. Semeni."

"Yule mwenzetu anaingia chumbani kama anayeingia stoo. Anasimama mlangoni, anatutazama. Tunangoja aseme neno, hasemi. Halafu anapita, anakaa kitandani kwake, anatupa mgongo."

"Kila siku?"

"Kila siku," alisema Binti wa Sajenti. "Nyumbani kwetu mtu akiingia bila salamu, baba humwuliza kama amekuja kukamata mtu."

"Mimi nimemwita Malkia, tena usoni," aliongeza Kasuku. "Nilitaka akasirike, tupate hata ugomvi. Wapi. Hata ugomvi ametunyima."

"Na nyinyi mmemsalimu?"

Walitazamana kama watu walioulizwa kwa nini hawajaifulia mvua.

"Mama, sisi si tuko ndani?" alisema Binti wa Sajenti. "Anayeingia ndiye anayesalimu. Anayetukuta tutamwanzaje?"

Matroni aliona jibu hilo ni sawa. Naye alilelewa hivyo: aingiaye hutanguliza salamu, na asiyeitanguliza amekuja na shari. Swali lake mwenyewe, ambalo lilikuwa zuri, lilimpita kama mpita njia asiyejulikana.

Siku ya pili yake, Malkia mwenyewe alikuja. Matroni alikuwa ameketi mezani, akipanga balbu mpya katika boksi, nzima huku na zilizovunjika kule. Alihisi kivuli mlangoni, akangoja salamu, haikuja. Kwa hiyo ndivyo alivyo, alijisemea, akaendelea na balbu zake. Kimya kilipozidi aliinua uso.

"Unasemaje, binti?"

"Nataka kurudi nyumbani, mama."

Hapo Matroni alimtazama vizuri. Shingo ya msichana ilikuwa imepungua, na blauzi aliyokuja nayo safarini ilikuwa sasa inamning'inia kama iliyoazimwa kwa dada mkubwa.

"Umefeli?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Silali. Nikila, hakishuki. Darasani naona mwalimu anafungua na kufunga mdomo tu. Nimemwambia kaka yangu, atakuja kunichukua mwisho wa mwezi ujao. Nimekuja kukuaga mapema kwa sababu si vizuri mtu kuondoka kama mwizi."

"Wenzako wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu," alisema Malkia, akatazama sakafu. "Hawajawahi kunipokea."

Matroni alilichukua neno hilo kwa uzito wake wa kawaida. Hakupokewaje? Yeye mwenyewe alimpokea siku ile ya kwanza, akambebea hata begi dogo. Lakini msichana anayekonda hapaswi kubishiwa. Alifanya alilolijua. Chini ya ngazi kulikuwa na chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mafagio, chenye dirisha moja na kitasa kizima. Mafagio yalitolewa, sakafu ikapigwa deki, na kabla ya saa kumi godoro la Malkia lilikuwa limeshushwa. Watu wote walishukuru. Kasuku alishukuru kwa maneno mengi, Binti wa Sajenti kwa machache, na Malkia alisema "asante" huku akiushika mlango wa stoo kama asiyejua afunge au aache wazi. Wiki nzima hakuna aliyebisha ofisini. Matroni akadhani hiyo ndiyo amani.

Aliyemharibia amani hiyo alikuwa mshauri wa wanafunzi, kijana mwembamba mwenye tai isiyokaa katikati. Mwanzoni mwa muhula alikuwa amewakusanya wanafunzi wapya ukumbini na kuwaeleza namna ya kuishi na watu wa desturi mbalimbali. Alieleza vizuri, wakapiga makofi, wakarudi vyumbani kuishi kama walivyozoea. Sasa alikuja kusema kwamba yule msichana wa ufamasia haonekani maabara.

"Nilimpa chumba chake mwenyewe," alisema Matroni. "Kwa ada ileile. Wangapi wanapata hivyo?"

"Umefanya wema, mama. Ila naomba kuuliza. Tangu ahamie huko chini, nani amemtembelea?"

"Mwalimu, mimi ni matroni. Si karani wa wageni."

Kijana hakubishana. Aliaga, akaenda zake na tai yake. Lakini swali alilolitaga lilibaki ofisini likilia kama mbu, na Matroni alipokwenda nyumbani kula chakula cha mchana, lilimfuata.

Nyumbani kwake palikuwa vyumba viwili nyuma ya uzio wa chuo. Mumewe alikuwa fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma. Kelele za kazi hiyo zilikuwa zimeondoka na sikio lake la kushoto, kwa hiyo mkewe alizoea kukaa upande wa kulia kila alipotaka kusikika, na wa kushoto alipotaka kulalamika kwa raha. Siku hiyo alikaa kulia, akamsimulia yote.

"Nani amehama?" aliuliza mzee.

"Yule mgeni. Nimemhamishia stoo."

"Amevunja nini?"

"Hajavunja kitu. Hapatani na wenzake."

Mzee alitafuna kwanza. "Na mimi na wewe tukigombana, godoro la nani litahama?"

"Lako. Mimi nina magoti."

"Sawa. Nitalala sebuleni. Asubuhi nani ataniletea chai?"

"Utakuja kunywa mezani kama mtu. Sebuleni na mezani ni hatua ngapi?"

Alilisema kwa mzaha, kisha mkono wake ukasita juu ya sahani. Mtoto ambaye mkeka wake ulihamishiwa sebuleni aliamka asubuhi akanywa chai ya birika moja na ndugu zake, na kufikia adhuhuri hakuna aliyekumbuka waligombania nini. Hakuhamishwa katika undugu. Alihamishwa kwa usiku mmoja tu. Hawa wa bwenini, ukiwatenga, asubuhi inawakuta wametengana. Kwa miaka yote hiyo Matroni alikuwa amechukua nusu ya dawa ya mama yake, nusu nyingine akaisahau kwenye birika.

"Umenyamaza," alisema mumewe. "Au umehamia sikio la kushoto?"

"Kula, mzee wangu."

Alasiri alikwenda kwenye ile stoo. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe hayumo; kutoka bafuni ilisikika ndoo ikijaa. Kiti hakikuwepo. Matroni aliketi juu ya godoro, na magoti yalipokunjika alijua kwamba kuinuka kutahitaji mipango. Ukutani kulikuwa na misumari iliyokuwa ya mafagio. Mmoja umetundikwa koti jeupe la maabara, safi, halina dalili ya kuvaliwa karibuni.

Malkia alirudi na ndoo, akasimama mlangoni. Hakusema neno. Alitazama ndani, maji yakimdondokea miguuni, akangoja. Siku nyingine yoyote Matroni angelisubiri salamu na kuhesabu dharau. Siku hiyo alikuwa amechoka mno hata kwa kuhesabu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Pole na ndoo. Ingia."

Uso wa msichana ulifunguka kama dirisha lililosukumwa kwa bega.

"Asante, mama. Umeshindaje? Magoti yanaendeleaje leo? Na mzee, sikio lake? Na zile ngazi, umepanda mara ngapi? Mama, usiinuke, kaa hapo hapo."

Salamu zilimtoka kwa mfululizo, moja ikiikanyaga nyingine, kama zilizofungiwa tangu Oktoba. Alijua habari za bendeji. Alijua habari za sikio. Alikuwa amesikia kila kitu katika bweni lile, na hakuna aliyempa nafasi ya kuulizia hata kimoja.

Matroni alisubiri mpaka zikaisha. "Sasa wewe, mbona siku zote hizi hukunisalimu?"

"Ulikuwa umeketi, mama. Siku ile ya balbu nilisimama sana mlangoni kwako."

"Niliona. Nilikuwa nangoja salamu yako."

Malkia alishusha ndoo taratibu. "Kwetu aliyeketi ndiye mwenye salamu. Anayeingia hajui amekuta nini ndani. Huenda kuna msiba, huenda watu wana maneno yao. Anasimama, ananyamaza, anangoja wenye chumba wampokee. Nikiingia nikaanza mimi kusalimu, ni kama nawaambia wenyeji kwamba hawana adabu, mpaka niwakumbushe."

"Na wenzako juu?"

"Kila jioni nilisimama mlangoni. Kila jioni walinitazama, wakanyamaza. Mwishowe nikajua hawanitaki, nikawa napita tu."

Matroni alifumba macho. Aliwaona watatu hao, wawili ndani na mmoja mlangoni, wote wameshika adabu ya mama zao kwa mikono miwili, wote wanangoja, na kila mmoja anamwona mwenzake ni mtovu wa adabu hiyohiyo. Alitaka kucheka, lakini kicheko nacho kilihitaji nguvu.

"Nisaidie kuinuka," alisema.

Kasuku na Binti wa Sajenti waliitwa ofisini, wakaelezwa. Kwa mara ya kwanza tangu aje chuoni Kasuku alikaa kimya hadi mwisho.

"Kwa hiyo siku zote hizo," alisema hatimaye, "tulikuwa tunasukumiana zamu kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Tafadhali wewe, tafadhali wewe, hakuna anayepita."

Binti wa Sajenti hakulainika. "Lakini mama, yeye ndiye aliyekuja kwetu. Mgeni hufuata ya mwenyeji."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Matroni. "Wewe umepona nini mpaka sasa? Tulia, sikukuita nikuhukumu. Mwenzenu, kaka yake anakuja kumchukua. Mimi nimechoka kuhamisha magodoro. Hili linarudi juu, na mtalibeba nyinyi, yeye akiwemo. Mengine mtaamua wenyewe mkiwa huko."

Walilibeba. Godoro la bweni ni jepesi likilala, lakini kwenye ngazi huwa kama mlevi: hujipinda, huegemea ukuta, hutaka kurudi lilikotoka. Matroni alifuata nyuma, mkono kwenye reli, akisikiliza. Kasuku alitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Mlangoni mwa chumba cha tisa godoro lilikwama, likasukumwa, na wote watatu wakaangukia ndani pamoja nalo.

Wote walikuwa wameingia, na aliyeketi hakuwapo.

"Sasa nani anamsalimu nani?" aliuliza Kasuku kutoka chini.

"Godoro," alisema Malkia. "Lilitangulia kuingia."

"Kwenu au kwetu?"

"Kwenu lisalimu. Kwetu lisalimiwe."

Kasuku alilipigapiga godoro kwa kiganja. "Hujambo, bibi. Na wewe, Malkia, hujambo. Hilo jina nilikupa kwa ubaya, sasa litumie kwa wema, maana sina jingine." Malkia alicheka, kicheko kifupi chenye kutu. Binti wa Sajenti hakucheka. Aliinuka, akavuta shuka la Malkia, akalitandika bila kunyanzi, kisha akatoka kwenda zake maktaba.

Mambo hayakunyooka yote kwa siku moja. Kulikuwa na jioni ambazo Kasuku alisahau, na jioni ambazo Malkia alisalimu kwanza kwa sauti ya mtu anayekanyaga maji baridi. Alianza kula, kidogo. Alirudi maabara. Lakini kaka yake alikuwa amekwisha kukata tiketi, na neno la kurudi nyumbani hakulifuta.

Alifika Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mtu mzima mwenye vumbi la safari mabegani. Jumamosi jamaa waliruhusiwa kupanda vyumbani wakisindikizwa na matroni. Njia nzima Matroni alimweleza masharti ya bweni. Walipofika chumba cha tisa akakumbuka kufunga mdomo, na jambo hilo halikuwa jepesi kwake, kwa maana ulimi wake ulikuwa umezoea kubisha kabla ya mkono. Malkia alikuwa uani anaanua nguo, Kasuku yuko naye. Ndani alikuwamo Binti wa Sajenti peke yake, ameketi, kitabu mkononi.

Kaka alisimama kizingitini. Hakusema neno. Alitazama vile vitanda vitatu, akangoja.

Binti wa Sajenti aliinua uso. Matroni aliuona ukimya ule wa zamani ukiingia kinywani mwa msichana, ukageuka huku na huku kutafuta pa kukaa. Kisha kitabu kikafungwa.

"Karibu, kaka," alisema. "Pole na safari. Ingia ukae, dada yako anaanua nguo. Nyumbani hawajambo?"

Yule bwana alimtazama kwa muda, kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao katika soko la ugenini. Akaingia. Alipoketi, salamu zilimtoka kama zilivyomtoka dada yake. Malkia alipotangulia kurudi na nguo begani, Kasuku akiwa bado uani, aliwakuta wanazungumzia bei za viatu. Alisimama mlangoni.

"Karibu," walisema wote wawili kwa pamoja.

Kaka aliondoka jioni ileile, na begi alilokuja nalo tupu kwa ajili ya vitu vya dada yake lilirudi tupu. Malkia alisema atafanya mitihani kwanza, mengine yataonekana. Hakusema zaidi, na Matroni hakumdai zaidi.

Angeweza kwenda kulala hapo. Badala yake alikumbuka kwamba muhula ule alikuwa amehamisha magodoro matatu, la Malkia likiwa la tatu. La kwanza lilitoka chumba cha tatu kwenda cha saba. Alilikuta lina mwenyewe, amejifunika, anakula njugu na wenzake watatu; msichana huyo akamshukuru tena kwa kumtoa kule. La pili lilitoka chumba cha tano kwenda cha kumi na mbili. Alipofika huko alikuta godoro limesimamishwa ukutani.

"Yuko wapi mwenzenu?"

"Aliondoka, mama," alisema mmoja. "Ni wiki ya pili sasa. Tulidhani umemhamisha tena."

Matroni aliketi kwenye kitanda kilichokuwa karibu. Alijaribu kukumbuka sauti ya msichana huyo, akakumbuka tu kwamba aliomba taa isizimwe. Baada ya muda wasichana wa chumba cha kumi na mbili walimsaidia kuinuka, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, godoro lile likiwa limebaki juu, maana hakuwa na pa kulipeleka.

Mitihani ilipoanza Januari, wasichana waliobaki bwenini walikuwa thelathini na watano. Chumba cha tatu, wawili. Cha tano, wawili. Cha saba, wanne. Cha tisa, watatu. Vingine vyote, watatu watatu. Stoo ya chini, mafagio. Mlangoni, matroni mmoja.